Sababu ya Kuchelewa

Mkuu wa shule alikuja na karatasi mbili tu, akiamini maisha ya mtu wa miaka themanini na miwili yangeenea humo na nafasi ya sahihi ikabaki. Alikaa ukingoni mwa kochi, magoti yamebanana, kama alivyokuwa akikaa enzi zile alipokuwa mwanafunzi wa mama huyuhuyu. Kamati ya mtaa, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake, ilikuwa imemaliza kujenga chumba cha kusomea kando ya shule, na wajumbe wote walikubaliana kwamba kitaitwa kwa jina la mwalimu huyu. Siku ya kukifungua, wasifu wake ungesomwa mbele ya watu.

"Tuanze na kuzaliwa, mwalimu."

"Andika nilizaliwa. Tarehe usijisumbue."

Wakacheka wote wawili, na kicheko chao kilikuwa na siri ndani yake. Mtaani hakuna aliyemwita mama huyu kwa jina. Walimwita Mama Daftari, kwa sababu ya daftari la jalada gumu ambalo kwa miaka ishirini aliliandika bila kulipwa hata nauli. Zamani hizo watoto walizaliwa nyumbani na hakuna aliyeandika popote. Yeye, mwalimu kijana, akajitolea kuzunguka na mkunga kila Jumamosi, nyumba hadi nyumba, akiandika nani kazaliwa, lini, na mama yake nani. Daftari hilo lilisema kweli tupu.

Lakini kulikuwa na barua. Shule haikupokea mtoto aliyezidi miaka minane, na watoto wa mtaa ule walichelewa kwa sababu elfu moja. Basi Mama Daftari akawa anawaandikia barua za kuthibitisha umri, na katika barua zake kila mtoto alikuwa na miaka saba. Mwenye tisa, saba. Mwenye kumi, saba. Mwenye kumi na moja, ambaye sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, saba vilevile, ila aliambiwa asifungue mdomo siku ya kuandikishwa. Huyo wa sauti ya kukwaruza ndiye sasa alikuwa mkuu wa shule, amekaa kwenye kochi na kalamu mkononi.

Mama Daftari alisimulia kwa mpangilio wake mwenyewe, yaani bila mpangilio. Alisimulia jinsi baba yake alivyomtoa shule darasa la nne, naye akarudi mwenyewe kwa miguu, akamwambia mwalimu kwamba baba amebadili mawazo, na baba aliposikia akaona haya kukanusha. Alisimulia darasa la watu wazima alilolifundisha kila alasiri baada ya kazi, na mama mmoja muuza mkaa ambaye neno lake la kwanza kulisoma lilikuwa "chumvi", kwenye pakiti, akakaa nalo wiki nzima bila kuifungua. Mkuu aliandika haraka haraka. Karatasi ya kwanza ikajaa kabla hawajafika kwenye ndoa.

"Na familia, mwalimu?"

"Mume wangu alikuwa wa kazi za mbali, anarudi mwisho wa mwezi, Mungu amrehemu. Watoto watatu, wote nimewasomesha. Wa kwanza alichelewa kidogo kuanza shule, maana utotoni alikuwa mgonjwamgonjwa."

Huyo wa kwanza alikuwa mlangoni, anavua viatu vya kazi. Alikuwa muuguzi, na mtaa mzima ulimwita Sista. Alisikia neno "mgonjwamgonjwa", akabaki ameinama na kiatu kimoja mkononi kwa muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji. Kisha akaingia, akamsalimu Mkuu kwa adabu, akapita kwenda chumbani akijishikia ukuta.

*

Magoti ya Sista yalikuwa yamekwisha. Miaka thelathini na minne ya kunyanyua wagonjwa, kuwageuza, kusukuma vitanda ambavyo magurudumu yake yalikuwa na akili zao, ilikuwa imekaa yote hapo. Asubuhi alishuka kitandani kwa awamu. Wodini wauguzi vijana walianza kumwambia "kaa tu, bibi, tutafanya sisi", na hilo neno bibi lilimchoma kuliko magoti.

Umri wake halisi ulikuwa miaka sitini, umri wa kustaafu. Kwenye makaratasi alikuwa na hamsini na saba, kwa hisani ya barua ya mama yake. Alikuwa ameomba kupumzishwa kwa ugonjwa, na siku hiyo alikuwa ametoka mbele ya bodi ya madaktari. Daktari mmoja, kijana ambaye huenda Sista ndiye aliyemfunga nepi yake ya kwanza, alimwambia apande na kushuka kigoda mara tano mbele ya watu sita. Alipofika mara ya tatu akashika meza. Wakaandika kwamba magoti yale si ugonjwa, ni uchovu wa kazi.

Mkuu alipoondoka, Sista alitoka na barua ya bodi, akamsomea mama yake.

"Uchovu wa kazi!" Mama Daftari akasonya. "Sasa unachoka na nini tena kama si kazi?"

"Mama, nimekwenda pia ofisi ya utumishi. Karani anasema tarehe ya kuzaliwa inaweza kurekebishwa. Anataka mama mzazi aje kuapa. Na anataka ushahidi ulioandikwa wakati ule ule."

"Ushahidi gani?"

"Daftari."

Mama Daftari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa, akaivua tena.

"Si ningetoa nakala ya ukurasa wako tu?"

"Nimemuuliza. Anataka lenyewe, zima, na litabaki pale likaguliwe."

Wote wawili walijua maana yake. Wengi wa watoto wa barua walikuwa wameshastaafu, na wengine wamekwenda wasikorudi. Lakini watatu walikuwa bado kazini kwa umri wa kubandika, na mmoja wao alikuwa ametoka pale sebuleni dakika ishirini zilizopita.

"Ngoja nifikirie, mwanangu."

"Fikiria, mama. Mimi sikulazimishi."

Kweli hakuwa mtu wa kulazimisha, na hapo ndipo mkosi wake ulipoanzia. Alipotimiza miaka saba alizaliwa mdogo wao wa mwisho. Wa katikati alikuwa na minne. Mama alikuwa na shule asubuhi, darasa la watu wazima alasiri, daftari Jumamosi, na hapakuwa na wa kubaki na watoto. Sista akabaki. Akabaki mwaka, ukawa wa pili, ukawa wa tatu. Alijifunza kupika uji kabla ya kujua kusoma, na alianza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi, siku moja na mdogo wake wa katikati, dawati moja. Ugonjwa hakuukumbuka. Alipowasikia wageni wakielezwa kuhusu ugonjwa ule, alinyamaza, akaamini kwamba mama yake, kwa wingi wa watoto wa watu aliokuwa nao kichwani, alikuwa amesahau kweli.

*

Habari za mtaani hazihitaji miguu. Siku ya pili yake Mkuu alirudi, safari hii bila kalamu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

"Nimesikia Sista anahangaika na utumishi." Akakaa. "Mwalimu, mimi nimebakiza miaka miwili. Kwa makaratasi."

"Najua. Nilikuandikia mwenyewe."

"Daftari lile likifika pale, mimi wiki ijayo niko nyumbani. Huenda na kesi juu. Binti yangu yuko mwaka wa kwanza chuoni." Aliongea taratibu, bila ukali. "Na kamati, mwalimu... Tutaandikaje ukutani jina la mtu ambaye ofisi inasema alighushi? Watu watatucheka."

"Kwa hiyo umekuja kunitisha."

"Nimekuja kukuomba. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu asijifikirie peke yake."

Hapo alimpata pabaya. Maisha yake yote Mama Daftari alikuwa ameishi kwa maneno hayo, na yalikuwa yamemgharimu kidogo sana, kwa sababu kila mara bili ilikuwa inakwenda kwa mtu mwingine. Nje muuza mitungi alikuwa anagonga chuma kuita wateja.

"Mwanangu," akasema mwishowe, na Mkuu, mtu mzima mwenye mvi, akainua uso kama aliyeitwa kwenye mahudhurio. "Wewe nilikupa miaka minne. Umeitumia vizuri, umesomesha watu, na mimi najivunia. Huyu wangu nilimnyang'anya mitatu. Niliichukua kwake nikaigawa mtaani. Kuna siku ulinisikia nikimshukuru?"

"Sista mwenyewe hajalalamika."

"Ndiyo maana nikaendelea."

Mkuu alisimama. Alisema atazungumza na kamati. Akaenda zake. Mama Daftari alilia kidogo baada ya hapo, kwa sababu alimpenda mtu yule, na kwa sababu alikuwa anajua kwamba binti wa chuoni hakumkosea kitu.

*

Kesho yake, saa nne asubuhi, mtoto wa katikati aliingia na ndoo mbili za rangi na hasira za kutosha ndoo ya tatu. Huyu alikuwa fundi wa kuandika mabango. Kamati ilikuwa imempa kazi ya kuandika jina la mama yake ukutani, naye alikuwa ameshachora herufi zote kwa penseli, kubwa, zenye kivuli.

"Wamenisimamisha! Nimepanda ngazi, nimechovya brashi, katibu anakuja: shuka kwanza, sherehe imeahirishwa. Imeahirishwa mpaka lini? Eti mpaka itakapotangazwa. Mama, umefanya nini?"

"Sijafanya bado. Nitafanya Alhamisi."

Sista, ambaye alikuwa zamu ya mchana, alitoka jikoni. "Basi, basi. Mama, tuache. Nitamalizia hiyo miaka mitatu. Nimeomba wanihamishie dawati la mapokezi."

"Wamekubali?"

"Watafikiria."

Fundi alimtazama dada yake akirudi kukaa, jinsi alivyotangulia kushika meza, kisha kiti, kisha akajiachia. Hasira ilianza kumtoka. Alikaa juu ya ndoo yake ya rangi.

"Dada, siku ya kwanza shule unaikumbuka? Mimi nililia, nikagoma kuingia. Mwalimu akaniuliza huyu ni nani wako, nikasema mama."

"Ulitutia aibu."

"Sikuwa natania. Nilikuwa najua hivyo." Akamgeukia mama yake, akasita, akaona limeshatoka. "Samahani, mama."

"Usiombe samahani," Mama Daftari akasema. "Nenda kwa jirani, mwulize kama Alhamisi gari lake lina nafasi. Dada yako hawezi kupanda ngazi za basi."

"Mama, nimesema tuache," Sista akasema.

"Nimekusikia. Miaka hamsini nakusikia ukisema tuache, na mimi naacha, kwa sababu inanifaa. Alhamisi tunakwenda."

Kabla ya Alhamisi kufika, aliwafuata wale wawili wengine majumbani kwao, akiegemea mkono wa fundi. Alitaka walisikie kutoka kinywani mwake. Mmoja, mhasibu wa bohari, alimkaribisha maji na kumwambia anaelewa. Mwingine alifunga mlango kabla hajamaliza sentensi, na Mama Daftari akaimalizia palepale nje, akiziambia mbao za mlango.

*

Ofisi ya utumishi ilikuwa na madirisha matatu ya kioo, na lililofanya kazi lilikuwa moja. Kwenye kioo kulikuwa na tundu dogo la kusemea, limetobolewa kwa kimo cha mtu mrefu. Mama Daftari alikuwa mfupi, na masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo yeye alipayuka kwenda juu na karani akapayuka kuja chini, na foleni nzima ikawa shahidi.

"Mama, hapa kuna maajabu!" karani akasema, akisoma orodha ya ndugu kwenye faili la Sista. "Ulijifungua mtoto wa kiume, halafu baada ya miezi mitano ukajifungua huyu binti!"

Watu wakacheka. Sista aliangalia sakafu.

"Binti ndiye mkubwa," Mama Daftari akapayuka. "Nilimpunguzia umri nikasahau kumwangalia mdogo wake. Hesabu sikuwa hodari."

"Unajua kwamba hapo unakiri kosa?"

"Nina miaka themanini na miwili. Mnipeleke upesi kama mnanipeleka."

Safari hii hata karani alicheka. Sista alikuwa amelishika daftari kwa mikono yote miwili, limefungwa kwenye mfuko wa nguo. Karani alinyoosha mkono chini ya kioo. Sista hakulitoa. Alikuwa anawaza binti wa Mkuu, na mhasibu aliyewapa maji.

"Mama," akanong'ona, "bado tunaweza kurudi."

Mama Daftari hakusikia, au alijifanya hasikii. Alilichukua kutoka mikononi mwake, kwa nguvu kidogo, akalisukuma chini ya kioo mpaka upande wa pili. Karani alifungua, akapekua, akapata mstari. Tarehe, mwezi, mwaka, jina la mama, na wino umefifia ukawa wa kahawia. Aliutazama kwa heshima ambayo hakuwa nayo mwanzoni.

"Hii inatosha. Likishakaguliwa, mwezi ujao anapumzika. Lakini litapitiwa lote, mama. Kila jina."

"Najua."

"Basi tujaze kiapo." Akavuta fomu, akaandika kwa sauti, kama wafanyavyo makarani wanaotaka kwenda kula. Jina la mwombaji. Jina la mzazi. Uhusiano. "Sababu ya mtoto kuchelewa kuandikishwa shule. Hapa naweka ugonjwa. Ndio rahisi, hauna maswali."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Mama Daftari angeweza kunyamaza. Kazi aliyoijia ilikuwa imekwisha, daftari liko upande wa pili, magoti ya mwanawe yamepona kisheria. Uongo huo aliwahi kuusema kwa wageni, kwa ndugu, kwa mumewe, kwa kalamu ya Mkuu wiki moja tu iliyopita, na kila aliposema ulikuwa laini zaidi mdomoni.

"Hakuwa mgonjwa!"

"Unasemaje?"

"Hakuwa mgonjwa! Hakuwahi kuugua hata mafua! Andika kwamba alibaki nyumbani miaka mitatu, analea wadogo zake, ili mimi mama yake nikafundishe watoto wa watu!"

Karani alitazama fomu.

"Mama, hapa pana mstari mmoja. Haitoshi."

"Geuza karatasi."

Karani aligeuza, akaandika nyuma, neno kwa neno. Mama Daftari alisubiri mpaka kalamu ikasimama. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa dirisha.

"Kuna lingine. Alasiri nikiwa nafundisha watu wazima, alikuwa anakuja na mtoto mgongoni, anasimama nje ya dirisha la darasa, anafuatisha herufi kwa kidole hewani. Mimi nikawa naendelea kufundisha. Liandike na hilo."

"Hilo halihitajiki kwenye kiapo, mama."

"Mimi nalihitaji."

Karani akaandika. Sista alikuwa amesahau magoti, amesahau foleni. Siku zile alijibanza pembeni ya dirisha, akachungulia kwa jicho moja, na alikuwa na hakika, kwa miaka hamsini na zaidi, kwamba mama yake wakati wote alikuwa amegeukia ubao. Kwa hakika hiyo alikuwa amemsamehe.

"Mama," akasema. "Kumbe ulikuwa unaniona?"

Sista alikuwa amenong'ona tena, na safari hii Mama Daftari alimsikia.

"Nilikuwa nakuona, mwanangu. Kila siku."

Karani alipitisha fomu chini ya kioo, akaonyesha kwa kidole mahali pa sahihi. Mama Daftari aliomba kalamu, na Sista, machozi yakimtiririka, akamshikia karatasi isiteleze.